Kuandika Kwanza, Kusema Baadaye: Shajara ya Mradi wa Darasa la Uraia, Januari hadi Mei 2024

Jumatano, 17 Januari 2024

Leo nimehesabu. Katika vipindi viwili vya Uraia vya Kidato cha Tatu B, dakika 80 kwa jumla, wanafunzi waliokuwapo darasani walikuwa 46 na waliofungua kinywa walikuwa saba. Sita kati yao ni wavulana wanaokaa safu za mbele, na wa saba ni msichana ambaye ni kiongozi wa darasa, kwa hiyo kusema kwake ni sehemu ya wadhifa. Mada ilikuwa katazo la mifuko ya plastiki lililoanza kutekelezwa nchini tarehe 1 Juni 2019, jambo ambalo kila mmoja wao analifahamu vizuri, kwa sababu walikuwa shule ya msingi wakati mama zao walipolazimika kurudi kwenye vikapu. Hawakukosa la kusema. Kengele ilipolia, nikiwa bado nafuta ubao, niliwasikia wakibishana mlangoni juu ya vile vifuko laini ambavyo muuza karanga na muuza ubuyu wanavitumia hadi leo, na mmoja akauliza kwa nini faini inayoanzia shilingi 30,000 imwandame mnunuzi mwenye mfuko mkononi ilhali aliyeuleta mfuko sokoni hajulikani. Hoja hiyo ilikuwa bora kuliko zote nilizoandika ubaoni, na haikusemwa mbele yangu.

Shajara hii inaanzia hapo. Shule yetu ni ya kata na ya kutwa, katika mji mdogo ulio kando ya Reli ya Kati mkoani Morogoro. Tuna chumba chenye kompyuta 18, ambazo 11 zinawaka, tuna projekta moja, na tangu Desemba tuna seva ndogo ya Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni, ambayo mwalimu wa TEHAMA na mimi tuliiandaa wakati wa likizo. Ndani yake tumeweka Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa njia ya Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, masomo ya Kolibri, jukwaa la kujifunzia lisilohitaji intaneti, nakala za sheria na hukumu tulizozipakua mjini, pamoja na Etherpad, programu inayowawezesha watu wengi kuandika katika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Vyote hivi hufanya kazi ndani ya chumba bila bando. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo wakati wa masomo hawana njia nyingine ya kufika kwenye maarifa ya kidijitali isipokuwa mashine hizi 11.

Swali langu ni dogo: je, wanafunzi wakiandika pamoja kabla ya kusema, wataongezeka wanaosema, na yanayosemwa yatabadilika?

Jumatano, 31 Januari

Kikao cha kwanza katika chumba cha kompyuta kilinifundisha hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mapema. Wanafunzi 46 kwa mashine 11 ni wanne kwa kila mashine, na mbili kati yake zina watano. Anayeshika kibodi ndiye anayeandika mawazo yake, waliobaki wanakuwa washangiliaji, na walioshika kibodi walikuwa karibu wale wale saba. Nimeligawa darasa katika makundi mawili. Nusu moja itaandika, wawili kwa mashine na kwa zamu ya dakika nne, huku nusu ya pili ikisoma vyanzo vilivyochapwa katika chumba cha jirani, kisha watabadilishana.

Tulikubaliana pia juu ya majina ya kificho. Kila mmoja amechagua jina la mti: kuna Mninga, Mvule, Mkuyu, Mpingo, Msufi, Mkwaju, na mmoja aliyejiita Mchicha, ambaye nilimruhusu ingawa mchicha si mti, kwa sababu alicheka wakati akiuandika na sikumbuki kama niliwahi kumwona akicheka. Sijui nani ni nani, wala sikutaka kujua.

Mgao wa umeme ulitukuta katika kipindi cha pili. Seva ilibaki hewani kwa betri, lakini kompyuta zilizimika zote.

Jumatano, 7 Februari

Leo nilitumia muda mwingi juu ya jambo ambalo nilidhani halihitaji maelezo, yaani tofauti kati ya mdahalo na majadiliano. Wanafunzi wetu wanajua mdahalo. Tangu shule ya msingi wamesimama Ijumaa mchana kuunga mkono au kupinga kwamba elimu ni bora kuliko fedha, au kwamba mjini kuna maisha bora kuliko kijijini, na wanajua kumsalimu mwenyekiti, mtunza muda na wasikilizaji. Mdahalo una ushindi ndani yake, na mwanafunzi anayepewa upande wa kupinga hupinga hata kile anachokiamini. Ni zoezi zuri la ulimi. Kwa jambo ambalo bado hatulielewi, hata hivyo, haufai, maana kila mtu anaingia akiwa ameshajua atakachokisema wakati wa kutoka.

Niliwaambia wafikirie kijiwe cha bodaboda. Pale mtu husema, mwingine huongeza, wa tatu humkatiza kwa mfano wa jana, na hakuna anayepiga kura mwishoni. Walielewa mara moja. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama basi tutaruhusiwa kusema Kiswahili, kwa sababu hajawahi kusikia kijiwe kinachozungumza Kiingereza.

Swali lake ni zito kuliko lilivyosikika. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na mtihani wa taifa wa somo hili utaandikwa kwa Kiingereza mwakani. Nimeamua kwamba kuandika na kujadili kutakuwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, na dakika 15 za mwisho wa kila kikao zitatumika kuzigeuza hoja tatu bora ziwe aya za Kiingereza zinazoweza kusimama mbele ya msahihishaji. Mkuu wa shule ameridhia, akisema kwamba atazipima aya hizo mwenyewe.

Jumatano, 14 Februari

Mada ya mifuko imekwisha. Walipolinganisha tarehe ya kwetu na za majirani, Kenya mwezi Agosti 2017 na Rwanda tangu 2008, walitaka kujua kwa nini sisi tulichelewa, na majibu yao yalihusu viwanda, ajira na desturi kwa kiasi ambacho kitabu cha kiada hakikufika. Waliosema kwa sauti leo ni 13.

Mada inayofuata sikuichagua mimi. Nje ya uzio wa shule niliokota karatasi ya mkeka, yaani orodha ya mechi zilizobetiwa kwa pamoja, nikaiweka chini ya kamera na kuitupa ukutani kwa projekta bila kusema neno. Chumba kilichangamka kuliko wakati wowote tangu Januari. Wavulana walianza kuusoma kama daktari anavyosoma picha ya mapafu, wakaonyesha mechi iliyouchana, na msichana mmoja akasema kwamba karatasi kama hiyo ndiyo iliyomaliza mtaji wa kaka yake wa kuuza chipsi. Nimewataka waandike kwa wiki nzima kila wanachokiona njiani. Wanafunzi wangu wengi hupita mbele ya mashine za dubwi kila siku, zile zinazomeza sarafu ya shilingi 200, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza.

Jumatano, 21 Februari

Hiki kilikuwa kikao bora zaidi mpaka sasa, na nitakieleza kwa urefu.

Tulianza na hesabu ndogo. Niliwapa mechi ya kubuni yenye odi tatu, yaani namba ambazo dau huzidishwa kwazo mtu akishinda: 2.10 kwa mwenyeji kushinda, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Kila odi ikigeuzwa kuwa uwezekano, yaani moja ikigawanywa kwa odi, tunapata takribani asilimia 47.6, 31.3 na 29.4. Jumla ni zaidi ya 108. Darasa lilinyamaza, kisha Msufi akaandika ukurasani: «Mwalimu, uwezekano hauwezi kuzidi mia.» Nane inayozidi ndiyo sehemu ya mwenye duka, inayokatwa kabla mpira haujapigwa, na kila mechi inayoongezwa katika mkeka inakatwa upya.

Kisha tukafungua lahajedwali. Kila mstari ulikuwa mkeka mmoja wa mechi kumi, kila mechi ikiwa na odi ya 1.5, na kompyuta ilipewa kazi ya kubahatisha matokeo kwa uwezekano wa asilimia 63 badala ya 66.7 ambazo odi hiyo inazidai. Mkeka wa shilingi 1,000 ukitoka unalipa shilingi 57,665. Tulitengeneza mikeka 1,000, kwa hiyo dau lote lilikuwa shilingi 1,000,000. Mikeka iliyotoka ni tisa. Malipo yote yakawa shilingi 518,985, na yaliyobaki, karibu nusu milioni, hayakurudi kwa mchezaji yeyote. Kundi la pili lilirudia zoezi na kupata mikeka 12, ambayo pia haikutosha kurudisha dau, na hapo wakaanza kuelewa kwamba bahati inabadilika ila mwelekeo haubadiliki.

Nilitarajia mazungumzo yaishie kwenye hasara. Mkuyu, ambaye mpaka leo sijui ni nani, aliandika sentensi iliyolipindua darasa: «Hawa tisa ndio tunaowasikia. Wale 991 hawarudi kijiweni kusimulia.» Tulitumia dakika 30 juu ya sentensi hiyo peke yake. Mmoja alisema kwamba mabango ya barabarani huonyesha mshindi akiwa na hundi kubwa, na hakuna bango la aliyeuza godoro. Mwingine, kwa ukali kidogo, alisema kwamba vijana hawabeti kwa kutojua hesabu, wanabeti kwa sababu shilingi 1,000 haiwezi kuanzisha biashara yoyote lakini inaweza kununua matumaini ya wiki nzima. Sikuwa na jibu, nami sikujifanya ninalo. Waliosema: 19, wasichana wakiwa wanane.

Jumatatu, 26 Februari

Mkuu wa shule aliniita. Mzazi mmoja alikuwa amepita asubuhi kuuliza kama ni kweli kwamba mwalimu wa Uraia anawafundisha watoto kubeti, kwa kuwa mwanawe alirudi nyumbani akiwa anachora mikeka kwenye daftari. Niliichukua lahajedwali, nikaiweka mezani, nikamwonyesha mkuu hesabu ya 518,985. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akasema, «Mwalimu, barua ya wazazi ilipaswa kutangulia.» Ni kweli. Nilikuwa nimeandaa seva kwa wiki tatu na sikutenga hata nusu saa ya kuwaeleza wazazi. Barua imetoka leo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ikitaja mada zote zilizosalia.

Ijumaa, 1 Machi

Rais mstaafu Mzee Ali Hassan Mwinyi amefariki jana, na nchi iko kwenye maombolezo. Nilitumia kipindi kifupi cha leo kuwaonyesha jinsi ya kulinganisha vyanzo viwili juu ya mtu mmoja: walisoma makala ya Kiswahili na ya Kiingereza zilizomo kwenye seva, wakatafuta kilichomo huku na kisichomo kule kuhusu kipindi chake cha 1985 hadi 1995 na kurejea kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Nakala zetu ni za mwaka jana, kwa hiyo katika kurasa zote mbili Mzee bado alikuwa hai. Lilikuwa somo la bure juu ya tarehe ya chanzo.

Jumatano, 13 Machi

Siku mbaya. Ramadhani imeanza jana na vikao vimehamishiwa asubuhi. Mada ilikuwa ajira zisizo rasmi. Katikati ya zamu ya kwanza mtu mmoja, kwa jina la mti ambalo sitaliandika, aliandika maneno mawili machafu juu ya mama wa mwenzake anayeuza pombe ya kienyeji. Aliyafuta baada ya nusu dakika, lakini skrini zote 11 zilikuwa zimeyaonyesha. Binti alitoka nje, nami nikasimamisha kikao.

Etherpad huhifadhi kila herufi pamoja na wakati ilipoandikwa, hivyo ninaweza kurudisha ukurasa nyuma na kuona jina na dakika. Wanafunzi hawakulijua hilo, na nililazimika kuwaambia leo, hali ambayo ilinifanya nionekane kama mtu aliyekuwa akichungulia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimewaahidi usiri bila kufikiri usiri ule unamlinda nani. Mwenye aibu alipata nafasi ya kusema, na mwenye kinyongo naye alipata nafasi hiyo hiyo.

Baada ya kushauriana na mwalimu wa malezi, ambaye ni mwanamke na anaheshimika kwa wote, tumeweka utaratibu mpya. Orodha ya majina ya miti na wenye nayo iko katika bahasha iliyofungwa ofisini kwake. Mimi sioni, wanafunzi hawaoni, na bahasha inafunguliwa tu pale mtu anapolalamika. Ilifunguliwa mara moja, leo. Aliyeandika aliomba radhi mbele ya mwalimu wa malezi na mama mhusika, ambaye alifika akiwa na kanga mbili na utulivu ambao mimi sikuwa nao. Majina mawili ya miti hayakuandika chochote tangu tuliporejea kikaoni.

Jumatano, 17 Aprili

Tumerudi baada ya Idi, na tumeanza mada ndefu kuliko zote: umri wa kuolewa. Niliwapa vyanzo vitatu tu, vyote vikiwa ndani ya seva. Cha kwanza ni Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo katika kifungu cha 13 inaweka umri wa chini wa mwanamume kuwa miaka 18 na wa mwanamke kuwa 15, na katika kifungu cha 17 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kwa binti aliye chini ya miaka 18. Cha pili ni Sheria ya Mtoto ya 2009, inayosema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Cha tatu ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Julai 2016 katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, iliyotamka kwamba vifungu hivyo viwili vinakwenda kinyume cha Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, pamoja na uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Oktoba 2019 uliotupa rufaa ya Serikali.

Hukumu iko kwa Kiingereza cha kisheria. Tuligawana aya, kila jozi aya mbili, na ukurasa wa pamoja ukawa tafsiri ya darasa zima. Walishangaa kusikia kwamba tangu 2021 lugha ya sheria na ya mahakama nchini ni Kiswahili. Mvule aliuliza kama basi walichokuwa wakikifanya ni kazi ya Serikali.

Jumatano, 24 Aprili

Majadiliano ya leo yalianza kwa ugumu. Mvulana mmoja alisema kwamba wazazi wakiridhia, sheria haina sababu ya kuingilia. Kiongozi wa darasa alimjibu bila kuinua sauti: «Wanaoridhia ndio wanaopokea mahari.» Kutoka hapo walikwenda wenyewe. Walilinganisha na Kenya, ambako Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18 kwa wote, na Uganda, ambako Katiba ya 1995 imefanya hivyo hivyo. Waligundua pia kwamba marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamfunga miaka 30 anayemuoa mwanafunzi, kwa hiyo binti wa miaka 16 aliye shuleni analindwa na sheria moja, na pacha wake aliyefeli darasa la saba anaweza kuozwa kwa sheria nyingine. Ugunduzi huo ulikuwa wao. Mimi sikuwa nimeuandaa.

Tulisoma pia takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu: wasichana wa miaka 15 hadi 19 ambao wameshazaa au walikuwa wajawazito walikuwa asilimia 27 mwaka 2015–16 na asilimia 22 mwaka 2022. Wengine waliona kushuka, wengine waliona zaidi ya mmoja kati ya watano. Walikumbushana uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwarudisha shuleni walioacha masomo kwa ujauzito, na darasa likatazama dawati la nyuma, upande wa dirisha, bila mtu kutaja jina.

Kisha Mpingo akaandika mistari minne. Alisema kwamba alipochezwa ngoma aliambiwa amekuwa mtu mzima, sheria inamwambia ni mtoto, shule inamwita mwanafunzi, na yeye hajui amsikilize nani. Nilisoma kimoyomoyo na nikahisi wasichana wote wakinitazama. Mimi ni mwanamume. Mambo ya unyago hayazungumzwi mbele ya wanaume, na yaliyofundishwa ndani hubaki ndani. Nilikuwa nimetumia miezi mitatu nikiuhesabu ukimya kama upungufu, huku nikiweka alama daftarini kila kinywa kinapofunguka, na sasa nilikuwa mbele ya ukimya wenye mlango na wenyewe. Niliwashukuru, nikazima projekta, nikamwomba mwalimu wa malezi akutane na wasichana peke yao.

Alikutana nao Ijumaa iliyofuata baada ya vipindi. Sikuuliza walizungumza nini. Aliniambia tu kwamba muda haukutosha.

Jumatano, 8 Mei

Kundi moja la wavulana lilikuja na karatasi iliyochapwa mjini, majibu ya akili mnemba juu ya umri wa ndoa, kwa Kiingereza safi kabisa. Ilitaja kifungu cha sheria ambacho hakimo katika nakala yetu, na hukumu yenye jina zuri ambayo hatukuipata popote. Sikuwakemea. Niliiweka ukutani na kulipa darasa dakika 20 kukagua kila dai dhidi ya vyanzo vya seva. Walikuta madai matano sahihi, mawili yasiyo na ushahidi na moja la uongo mtupu, na waliofurahi zaidi katika kulitafuta lile la uongo walikuwa wavulana wenyewe walioileta.

Jumatatu, 13 Mei

Tangu jana intaneti ni ya kuchechemea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, baada ya nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, kukatika katika pwani ya kusini mwa Afrika. Mazungumzo ya video tuliyoyapanga na mwanasheria kijana aliyeko Dodoma yamevunjika. Seva yetu haikutikisika, na mwalimu wa TEHAMA ametembea siku nzima na tabasamu la mtu aliyekuwa akisubiri kuthibitishwa.

Jumatano, 15 Mei

Badala ya mwanasheria wa Dodoma alikuja mzee anayeishi nyuma ya stesheni, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Wanafunzi walisimama wakamwamkia, «Shikamoo, babu,» naye akawajibu, «Marahaba, wajukuu zangu, kaeni,» akakataa kiti cha mbele na kukaa katikati yao.

Maswali yalikuwa yameshaandikwa kwenye ukurasa wa pamoja kwa ajili ya mazungumzo ya video. Yalikuwa 31, na darasa lilikuwa limeyapanga kwa kura na kuyaunganisha yakabaki tisa, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza mzee jambo ambalo sheria yenyewe ingemjibu. Swali la kwanza lilitoka kwa msichana ambaye sijawahi kumsikia akisema tangu Kidato cha Kwanza: je, katika miaka yake yote aliwahi kuletewa ombi la kumwozesha binti wa miaka 14, kama kifungu cha 13 kinavyoipa mahakama nafasi ya kuruhusu? Mzee alifikiri, akasema halikumfikia hata moja. «Si kwamba hawakuozwa,» aliongeza. «Mtu hapeleki mahakamani jambo ambalo majirani zake hawalipingi.»

Msichana huyo alikuwa akisoma swali kwenye skrini, na sauti yake ilitetemeka, lakini aliuliza la pili bila kusoma. Darasa lilikwenda dakika 25 zaidi ya muda, na mwalimu wa Hisabati alisubiri mlangoni bila kulalamika. Mpaka leo vifungu vile viwili vya 1971 havijabadilishwa, na wanafunzi walitaka kujua anayepaswa kuulizwa ni nani. Mzee aliwaambia wana mbunge.

Jumatano, 29 Mei

Hesabu ya kufunga muhula. Kompyuta zinazowaka ni tisa, kwani mbili zimeharibika umeme ulipokuwa ukikatika na kurudi. Seva ni nzima. Aya za Kiingereza zilizohifadhiwa ni 36, na mkuu wa shule amezisoma zote na kuzirudisha zikiwa na wino mwekundu mwingi kwenye sarufi na mchache kwenye hoja. Barua ya mada za muhula ujao imeshaandikwa, na safari hii inatangulia.

Wanafunzi waliosema kwa sauti angalau mara moja tangu Januari ni 37. Tisa hawajasema kabisa. Kwa miti wanayoandikia siwajui, ila kwa kuwatazama wakati wa zamu naamini kwamba watatu kati yao ndio wanaoandika marefu kuliko wote, na sina tena haraka nao. Nimebadilisha daftari langu la kuhesabu: badala ya safu moja ya waliosema, sasa lina safu ya walioandika, ya waliouliza, na ya waliobadilisha kauli yao wenyewe baada ya kusikia mwenzao. Safu hiyo ya mwisho ndiyo fupi kuliko zote, yenye alama sita tu, mojawapo ikiwa ya yule mvulana wa ridhaa ya wazazi.

Darasa lilipiga kura juu ya mada ya Julai. Bodaboda na ajali zilipata kura 14, tozo za miamala ya simu 11, na bei ya ndoo ya maji 19. Wawili hawakupiga. Msichana aliyemuuliza hakimu amekubali kuongoza kikao cha kwanza, kwa sharti kwamba ataruhusiwa kusoma kwenye skrini, na kwamba mimi nitakaa nyuma, kwenye dawati la dirishani.